Darasa la Viatu Kumi na Kimoja

Mtaani walimwita Bwana Fomu. Yeye alijua, na hakuona ubaya wowote. Kuna wanaume huitwa majina mabaya zaidi wakishastaafu.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa shule. Alikuwa akitokea asubuhi na mapema bila taarifa, mkoba kwapani, viatu vinang'aa, anakwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa darasani, na mwalimu aliyesimama mbele anaanza kusahau hata jina lake mwenyewe. Fomu yake ilikuwa na visanduku arobaini. Alivijaza vyote, asiruke hata kimoja, na chini kabisa, mahali pa maoni, aliandika sentensi moja aliyoipenda kuliko zote: "Ana bidii, lakini hajaiva." Walimu wazuri aliwaandikia hivyo wasije wakavimba kichwa. Walimu wabovu aliwaandikia hivyo wasije wakakata tamaa. Matokeo yake hakuna mwalimu aliyejua amesimama wapi, na Bwana Fomu aliamini kwamba huko ndiko kutenda haki.

Jambo moja tu hakupenda litajwe mbele za watu. Yeye mwenyewe alifundisha mihula miwili, basi. Alikuwa kijana, ana mwandiko mzuri, na ofisini walikuwa wanahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri. Tangu hapo hakushika chaki tena ila kwa kuikagua.

Alipostaafu, mkewe alikuwa ameshafariki, akahamia kwa binti yake, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi cherehani. Binti alikuwa muuguzi. Baba wa mtoto alifanya kazi mbali na alirudi mara moja kwa mwaka. Na mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka mitano, ambaye babu alimpa jina la Nukta, kwa sababu alizaliwa kadogo mno, na kwa sababu popote alipokuja kusimama, mazungumzo ya wakubwa yaliishia hapo hapo.

Jumapili moja, wiki sita kabla ya muhula mpya, binti alimkalisha baba yake mezani.

"Baba, muhula ujao wananihamishia zamu za mchana moja kwa moja. Shule ile ya karibu na hospitali imebakiza nafasi nne za darasa la awali, na baada ya wiki sita wanafanya mahojiano. Mtoto ahesabu vitu mpaka kumi, ataje herufi mbili tatu, ashike penseli, ajibu akiulizwa. Zile shule nyingine mbili zimejaa."

"Na akikosa?"

"Akikosa anakwenda kwa shangazi yake. Kule wanapokea bila mahojiano. Nimeshaongea na wifi, amekubali."

Kwa shangazi ilikuwa safari ya siku nzima kwa basi. Bwana Fomu aliweka kikombe chini taratibu. Mkewe alifariki mwaka uleule aliozaliwa Nukta. Tangu hapo, katika dunia nzima, alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayemuuliza maswali kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mtu huyo alikuwa hajafika hata kiunoni pake. Kumkosa huyo hakukufikirika. Lakini mtu aliyeandika ripoti miaka thelathini na mmoja hasemi vitu kama hivyo.

"Unahangaika bure, mwanangu," alisema. "Nyumba hii ina mtaalamu."

"Nilikuwa nafikiria mwalimu wa tuisheni."

"Tuisheni!" Bwana Fomu alisimama. "Mimi nimekagua shule mia mbili na kumi na nne, halafu aje kijana wa tuisheni avue viatu mlangoni pangu?"

Binti alikuwa amechoka, ametoka zamu. Akasema haya, baba, wiki sita.

Kesho yake mzee alipandisha ubao ngazi zote mwenyewe, anapumua kama baiskeli inayotoka pumzi. Fundi cherehani alimwona kupitia mlangoni akashindwa kujizuia.

"Mzee, unafungua chuo kikuu huko juu?"

"Shule ya awali."

"Wanafunzi wangapi?"

"Mmoja."

"Loo! Angalia tu msongamano," akasema fundi, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Basi, shule ikaanza. Sebule iligawanywa kwa chaki: hapa darasa, hapa ofisi ya walimu, pale karibu na jokofu uwanja wa michezo. Ukutani zilibandikwa herufi zote, ratiba, kanuni za shule na orodha ya kamati, ambayo ilikuwa na mjumbe mmoja. Kengele ilikuwa ya baiskeli, imefungwa kwenye mguu wa meza. Saa mbili kamili ililia.

"Nukta?"

"Nipo."

"Sema 'nipo, mwalimu.'"

"Nipo, mwalimu. Babu, kwa nini unaniita na mimi niko hapa?"

"Nyoosha mkono kwanza, usubiri kuteuliwa, ndipo uulize."

Nukta akanyoosha mkono. Babu alikuwa anajaza rejista. Alipomaliza kuijaza, akapigia mstari kwa rula, akakagua kucha za mwanafunzi, akakagua masikio, akaandika tarehe ubaoni kwa ule mwandiko wake, akasoma malengo ya somo kwa sauti: baada ya dakika thelathini mwanafunzi ataweza kuhesabu moja hadi tano. Mkono wa Nukta bado uko juu, sasa ameushikilia kwa mkono wa pili. Hatimaye babu akasema, "Ndiyo, nakuteua." Nukta akasimama, akafungua mdomo, kengele ikalia.

Maana dakika thelathini zilikuwa zimekwisha, na Bwana Fomu hakuwahi kumsamehe mwalimu anayepitiliza kipindi.

"Swali lako litajibiwa kesho," alisema.

Siku ya pili ikawa vilevile. Ya tatu vilevile. Nukta ni mtoto mwepesi wa kuelewa, akaelewa: asubuhi mwanafunzi hukaa wima, mikono kifuani, hunyoosha mkono, huteuliwa, husimama, na kengele hulia. Hiyo ndiyo elimu. Akaifanya kwa utii ambao ungemliza mzazi yeyote aliyekuwa macho, lakini mzazi alikuwa wodini.

Ila kulikuwa na jambo lililomnyima mzee raha. Shule isiyokaguliwa si shule. Na fomu alikuwa nazo, boksi zima chini ya kitanda, alizoondoka nazo ofisini. Hakuiba! Lilikuwa limetoka toleo jipya na hizi zilikuwa zinakwenda kuchomwa. Tatizo ni kwamba mkaguzi hawezi kukagua darasa analofundisha yeye mwenyewe, hilo hata mwendawazimu analijua. Siku ya nne alijaribu. Aliweka kiti nyuma, akawa anafundisha mbele, anakimbia kukaa nyuma, anajitazama, anaandika, anakimbia mbele. Goti likamwambia ukweli kabla ya saa nne.

Akawaza, akapata dawa ya kiofisi kabisa. Mchana, saa nane, nafasi ya mwalimu itakaimiwa na mwanafunzi. Mkaguzi atakaa nyuma. Ubao utakuwa uleule, rejista ileile, kwa hiyo shule itakuwa imekaguliwa kihalali.

"Mimi ndiye mwalimu?" Nukta aliuliza.

"Kaimu mwalimu."

"Na wanafunzi?"

Hapo mkaguzi akakwama. Akaangalia huku na huku. "Utatafuta," akasema, akakalia kiti chake.

Nukta akaenda mlangoni, akarudi amekumbatia viatu. Viatu vya mama vya kazini, ndara za mama, viatu vyeusi vya babu, ndara za babu, viatu vyake mwenyewe, na kiatu kimoja cha mama ambacho mwenzake alipotea siku ya kuhama. Akavipanga mstari ukutani. Kumi na kimoja.

Jamani, darasa lile! Kiatu cheusi cha babu cha kushoto kilikuwa mtundu, kila siku kinahamishwa mbele. Kile kisicho na mwenzake alikiweka karibu naye kwa sababu kilikuwa na huzuni. Nukta akapiga makofi, akasema "nyamazeni," ingawa hakuna aliyekuwa anaongea, akaanza kuita majina. Kwa kuwa viatu havijui kujibu, akajibu yeye mwenyewe kwa sauti kumi na moja. Siku mama akiwa kazini, viatu vyake vya kazini navyo havipo.

"Wawili hawapo," kaimu mwalimu alitangaza. "Wamebaki tisa." Halafu akainama, akatazama miguu ya mkaguzi iliyokuwa ndani ya ndara. "Na wawili wamekwenda kukaa na wageni. Wamebaki saba. Nyie mnaosoma, mko saba, msipungue tena!"

Mkaguzi aliandika: Mwalimu hakusimama katikati ya ubao.

Siku nyingine viatu vilichanganyikana, Nukta akagombana navyo, kisha akachukua chaki akaandika alama kwenye soli ya kila kimoja. Alikwenda kuchungulia herufi za ukutani akiuliza huku anakimbia, "Babu, ya mama ni ipi? Ya babu ni ipi?" Mkaguzi alinyoosha kidole bila kuinua macho, maana mkaguzi haruhusiwi kumsaidia mwalimu, na kidole si msaada. M kwa mama, B kwa babu, N kwa Nukta. Kile chenye huzuni alikiandikia K, kwa sababu ni kiatu tu, hakina mtu.

Mkaguzi aliandika: Mwalimu amechafua vifaa vya kufundishia.

Na kila mchana, saa tisa kasoro kumi, alisimama na kusoma maoni kwa sauti ya kutosha ukumbi: "Ana bidii, lakini hajaiva." Kisha anampa Nukta kalamu asaini. Wiki ya kwanza Nukta alisaini mchoro kama wa kuku aliyekanyaga wino. Wiki ya tano alikuwa anaweka N iliyonyooka, na mkaguzi akajaza kisanduku cha thelathini na tisa: Sahihi ya mwalimu, ipo.

"Babu, kuiva ni kufanyaje?" aliuliza siku moja.

"Ni kuwa tayari."

"Nitakuwa tayari lini?"

"Hakuna anayekuwa tayari," alisema Bwana Fomu, na kusema kweli katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kufikiria kwamba lile ni jibu la ajabu.

Wiki moja kabla ya mahojiano, binti alipata siku ya mapumziko. Akamkalisha Nukta mezani asubuhi, akamwaga vijiko mbele yake.

"Haya mama, nihesabie hivi."

Nukta akakaa wima. Mikono kifuani. Akanyoosha mkono, akasubiri. Mama naye akasubiri. Wakaangaliana hivyo mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu, ni vingapi?"

Mkono uko juu, mdomo umefungwa.

Binti alikwenda ofisi ya walimu, yaani pembeni ya kochi, akachukua mafaili. Yalikuwa matatu, manene, yamefungwa kwa utepe. Alisoma karatasi moja moja akiwa amesimama. Usafi wa ubao, alama nane. Uingizaji hewa, alama saba. Mwalimu alivaa vizuri. Chaki zilitosha. Alisoma mpaka akachoka, akayaweka mezani juu ya vijiko.

"Baba, humu kila kitu kipo. Mpaka jokofu lipo. Mtoto wangu yuko ukurasa gani?"

Bwana Fomu alichukua faili kumwonyesha. Akafunua. Akafunua tena. Akarudi kwenye fomu tupu, akateremka na kidole kisanduku kwa kisanduku, kuanzia cha kwanza mpaka cha arobaini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye tangazo la matokeo. Kulikuwa na kisanduku cha ubao, cha madirisha, cha vyoo, cha rejista, cha mavazi. Cha kusema kama mtoto amejua kitu hakikuwapo. Alikuwa amejaza fomu ile maelfu ya mara na hakuwahi kuona kwamba hakimo.

"Lazima kimo kwenye toleo jipya," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu.

Binti hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alichukua simu akampigia wifi yake, akaongea naye jikoni kwa sauti ya chini, kisha akashusha begi dogo kutoka juu ya kabati. Bwana Fomu aliliona lile begi likiwekwa karibu na mlango, na nguo za mtoto zikikunjwa ndani yake, na moyo ukamuuma waziwazi, bila kuficha. Wiki ile ya mwisho aliongeza vipindi vya asubuhi kutoka kimoja hadi vitatu. Ndivyo alivyojua kupenda.

Siku ya mahojiano walikwenda watatu. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa chumba kidogo, meza, makabati mawili, kalenda, kiti kimoja kidogo cha mtoto. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alipomwona mzee, akaivua ile miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Karibu, Mzee Mkaguzi."

"Tunafahamiana?"

"Ulinikagua. Miaka ishirini iliyopita. Darasa la kwanza, lile la kona, mlango wa bluu."

Bwana Fomu akafikiri, na uso wake ukachangamka. "Ah! Dirisha la kushoto! Lilikosa vioo viwili."

"Ndilo," alisema mwalimu mkuu. "Mimi nilikuwa upande wa kulia."

Binti alimtazama baba yake kwa jicho ambalo wauguzi humtazamia mgonjwa aliyeficha vidonge chini ya godoro. Mzee akakaa. Begi, aliwaza. Begi liko mlangoni.

"Msiwe na wasiwasi," mwalimu mkuu alisema. "Leo nampima mtoto, simpimi mtu mwingine." Akamwaga vizibo vya chupa mezani. "Haya, Nukta. Nihesabie hivi."

Nukta akakaa wima, mikono kifuani. Akanyoosha mkono.

"Unataka kwenda chooni?"

Nukta akatikisa kichwa. Mkono haukushuka.

"Anasubiri kuteuliwa," alinong'ona babu.

"Eti?"

"Umteue. Ndio utaratibu."

Mwalimu mkuu akavuta pumzi. "Nukta, nakuteua."

Nukta akasimama vizuri kabisa, visigino pamoja, akatulia tuli. Alikuwa anasubiri kengele. Dakika nzima ikapita, na kwa vile shule ile haikuwa na kengele ya kumwokoa, akakaa tena.

Wakajaribu herufi. Akasimama, akasubiri, akakaa. Wakampa penseli. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani sambamba na rula. Mwalimu mkuu akaandika kitu, akainua uso, na sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliotisha.

"Mama, bado mdogo. Ana adabu sana. Labda mwakani."

Binti akaitikia kwa kichwa. Akainamia mkoba wake akitafuta kitu ambacho hakikuwamo. Bwana Fomu alitamani aseme, atetee, atoe yale mafaili matatu, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na pa kuanzia. Akamgeukia mjukuu wake, amwombe radhi angalau kwa macho.

Nukta hakuwa anamtazama. Alikuwa amechungulia chini ya meza. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na kidole kilikuwa kinagonga goti, taratibu, kimoja kimoja. Bwana Fomu akafuata macho yake. Chini ya meza vilikuwapo viatu vya mwalimu mkuu, viatu vya mama, viatu vyeusi vya babu, na viatu vidogo.

Loo, mzee alihisi kama amemwagiwa ndoo ya maji. Wawili hawapo, wamebaki tisa. Aliyasikia yale maneno wiki sita nzima, kila mchana, yeye akiwa amekaa nyuma na kalamu mkononi, anaandika habari za ubao.

Kulikuwa na njia moja tu, na njia hiyo haikuwa ya mtu mwenye cheo. Mwalimu hafundishi mtu anayejua. Mzee akasimama, akasogeza kiti chake kando, akapiga magoti sakafuni, goti likalia mpaka binti akageuka. Halafu akanyoosha mkono juu.

"Mwalimu," alisema, na aliyemwita hakuwa mwalimu mkuu. "Mwalimu, mimi sijui kuhesabu."

Nukta alimkazia macho. Kisha akashuka kwenye kiti chake kidogo, akapiga makofi mawili.

"Nani amekuruhusu kuongea?"

"Samahani, mwalimu."

"Kaa kwenye mstari. Na nyie wote, miguu mbele!"

Mwalimu mkuu alimtazama binti, binti akamtazama mwalimu mkuu, na wote wawili wakatoa miguu.

"Hesabu viatu," Nukta alimwamuru babu.

"Moja, mbili, tatu, tano..."

"Hapo hapo! Nne umeipeleka wapi?"

"Imenipotea, mwalimu."

"Nne haipotei. Iko kati ya tatu na tano, haijawahi kuhama. Anza upya."

Akaanza upya, yeye anakosea, Nukta anasahihisha kwa kidole juu ya kila kiatu, mpaka nane. Halafu Nukta akainua mguu wa mwalimu mkuu, akageuza soli, akashtuka. "Huyu hajaandikwa!" Akachukua chaki mezani bila kuomba. "Unaitwa nani?"

"Mwalimu," alisema mwalimu mkuu.

Nukta akaandika M kubwa juu ya soli, amenyoosha ulimi pembeni ya mdomo. Akainua mguu wa babu, akamwonyesha mama yake B iliyofifia. Wakati huo mlango ukafunguliwa, karani akaingia na barua.

"Umechelewa," Nukta alimwambia. "Ingia. Tulikuwa nane, na wewe wawili, sasa kumi."

"Mwalimu," mwalimu mkuu akauliza, na alikuwa amenyoosha mkono kwanza, "na viatu vya mama vikienda kazini?"

"Vinabaki nane," alisema Nukta kwa masikitiko, kwa sababu kuna watu wazima hawajui hata hilo. "Kila siku vinapungua viwili. Mama akirudi vinarudi."

Binti akaacha kutafuta kwenye mkoba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Lakini kipindi kilikuwa hakijaisha. Nukta akavuta karatasi, akashika penseli kama inavyoshikwa, akachora visanduku vitatu, akaweka N chini. Akakohoa kidogo. Akamsimamia babu yake aliyekuwa bado sakafuni, akamsomea kwa sauti ya kutosha ukumbi.

"Ana bidii, lakini hajaiva."

Karani akacheka. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Hayo maneno nayajua," alisema polepole. "Niliandikiwa. Waliponisomea, wakaninyang'anya darasa, nikawa mgawaji wa chaki miaka mitatu. Siku ile watoto wangu walikuwa wanahesabu, mzee. Thelathini na wanane, wote, mpaka yule aliyekuwa na kigugumizi. Nilikuwa na furaha, nikasema afadhali mkaguzi amekuja leo. Uliwasikia?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Bwana Fomu alikuwa sakafuni, ana chaki kwenye suruali, na nguvu za kudanganya zilikuwa zimemwisha.

"Sikuwasikia," alisema. "Nilikuwa naangalia dirisha. Nisamehe, mwalimu. Nilikukosea."

Mwalimu mkuu alimtazama pale chini. Akasema, "Inuka, mzee, sakafu ina baridi," na karani akamshika mkono kumwinua. Kisha mama yule akavuta fomu ya shule, akaanza kuandika. Mkaguzi hodari husoma maandishi kichwa chini miguu juu, na Bwana Fomu alikuwa hodari. Akasoma: Mtoto amepokelewa. Akasoma: Aliyemwandaa ni babu yake. Akasoma: Ana bidii.

Akasubiri "lakini."

Mwalimu mkuu akaweka nukta, akafunika kalamu.

Siku hiyo mchana binti alifungua lile begi akarudisha nguo kabatini, anaimba imba peke yake. Saa nane kamili kengele ya baiskeli ililia. Bwana Fomu alikuja sebuleni kwa mazoea, kalamu mfukoni, akatafuta kiti chake cha nyuma asikione. Kaimu mwalimu alikuwa amekipeleka karibu na jokofu, kwenye uwanja wa michezo. Viatu vyote kumi na kimoja vilikuwa kwenye mstari, kwa kuwa mama alikuwa nyumbani, na kati ya ndara zake na kile kiatu chenye huzuni palikuwa pameachwa nafasi.

Mzee akakaa hapo, miguu mitupu ameikunja alivyoweza. Nukta akafungua rejista, akaita viatu vyote, akavijibia. Alipofika mwisho akanyanyua uso.

"Babu?"

"Nipo," alisema Bwana Fomu.

Nukta akamtazama kwa ukali, kalamu hewani.

"Sema 'nipo, mwalimu.'"

"Nipo, mwalimu."